Kuifuata Reki Natta

Kila nikikaa kijiweni mtu ananiuliza, "Chacha, ni kweli ulirudi kutoka Natta umening'inia nyuma ya pikapu kama mbuzi wa mnada?" Ni kweli. Na kwa kuwa kila mmoja anaisimulia anavyotaka, na wengine wanatia chumvi mpaka mboga hailiki, nimeamua kuandika mwenyewe. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi niendelee na kazi zangu.

Nyamwaga: nyasi ziko chini

Mwaka jana mnaujua ulivyotutenda. Mimi na mke wangu Rhobi tulikata nyasi za kuwekea ng'ombe akiba, tukazikusanya kwa mikono, mvua ikatukuta kazi haijafika nusu. Zikaota ukungu. Kiangazi kilipokaza hatukuwa na cha kuwapa, na yule ng'ombe mwekundu ambaye Rhobi alipewa na mama yake, siku tulipopata mtoto wetu wa kwanza, akalala zizini asiamke tena. Mama mwenyewe alikwishafariki, Mungu amrehemu. Kwa hiyo kilichobaki mikononi mwa mke wangu kutoka kwa mama yake ni mtamba mmoja tu, uzao wa yule mwekundu, na sasa ana mimba. Rhobi hakunilaumu. Alisema tu, "Huyu naye akifa, mama atakuwa amekufa mara ya pili." Mnadhani mtu anapata usingizi akiambiwa hivyo?

Nikaapa mwaka huu nyasi zitakusanywa kwa reki ya maksai. Kwa asiyeijua, ni chombo cha chuma chenye magurudumu mawili makubwa na safu ya meno marefu yaliyopinda kama mbavu. Maksai wanakokota, meno yanakumba nyasi zilizokatwa, na mtu aliyekaa kwenye kiti akikanyaga kanyagio meno yananyanyuka na kuacha tuta la nyasi nyuma. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya jioni moja. Mpya ya kiwandani sikuwa na ubavu nayo, lakini niliambiwa iko moja ya bei nafuu Nyarero, si mbali.

Haraka yangu mnaijua. Kwa uhakika kwamba nitarudi nayo siku hiyohiyo, nilifyeka shamba zima kwanza, nikaacha nyasi chini zikauke. Majirani wote walikuwa na mahindi yao ya kuvuna, hakuna wa kuomba msaada. Rhobi alisimama mlangoni, akatazama nyasi, akatazama mawingu.

"Mume wangu, watu hupata reki ndipo wakakata."

"Wewe subiri uone," nikamwambia, nikapanda bodaboda.

Nyarero: meno yasiyonepa

Nyarero ni ukweni kwangu, na ukweni hakupitwi ovyo. Nilishusha kofia mpaka kwenye nyusi nikimwomba Mungu nisikutane na shemeji, maana salamu za huko zinamaliza asubuhi.

Na hapa lazima nieleze jambo kwa wale wasio Wakurya, la sivyo hamtanielewa mbele ya safari. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Tunaita ensoni, ni aibu na heshima kwa wakati mmoja. Na si mama mzazi peke yake. Dada zake wote nao ni mama wakwe zako vilevile. Marehemu mama yake Rhobi, akija kwangu, mimi nilikuwa naenda zizini. Salamu zetu zilipita kwa Rhobi. Na tulipendana sana hivyohivyo, siku ya msiba wake nililia mpaka watu wakanishika.

Basi, reki. Nilimkuta kijana mhunzi ameichomelea mwenyewe kwa nondo za ujenzi, amepaka rangi ya kijani, inang'aa. Nikavuta jino moja kwa kidole. Halikunepa hata kidogo. Jino la reki lisiponepa, likikutana na jiwe linakatika, au linachimba udongo na kuuchanganya na nyasi, na shambani kwangu mawe ni mengi kuliko mahindi.

"Mbona unaikagua kama unaoa?" kijana akasema.

"Ningekuwa naoa nisingekagua hivi."

Akacheka, hakukasirika. Ndiye aliyeniambia kwamba reki ya kiwandani, ya meno ya chuma cha springi, aliwahi kuiona kwa fundi mmoja Mugumu ilipokwenda kutengenezwa. Mugumu! Wilaya nyingine, ng'ambo ya Mto Mara. Nikatazama juu. Mawingu hayakuwa yameongezeka, wala hayakuwa yamepungua. Ningerudi nyumbani mikono mitupu nimwambie nini Rhobi? Nikatafuta gari la kwenda Mugumu.

Mugumu: fundi Saidi

Gari lilisimama kila penye mtu, kuku na gunia. Tulipovuka daraja la Mara hasira ilikwishanipanda, na tulipofika Mugumu jua lilikuwa limelegea. Fundi mwenyewe, Saidi, nilimkuta anafunga karakana aende kuswali. Ni mtu mnene mwenye kofia ya kufuma. Babu yake alitoka Tanga na biashara ya vitambaa, yeye amezaliwa papo hapo Mugumu, lakini Kiswahili chake bado kinatembea na viatu.

"Reki ipo Natta," akasema. "Kwa mama mmoja mjane, Mama Gati. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba kubwa la mifugo, lilipofungwa akaondoka nayo. Mama anakusanyia nyasi za kuezekea, anauzia kambi za watalii. Siku hizi kambi zinaezeka kwa nyasi za plastiki, kwa hiyo nadhani ataiachia. Kesho nitakupeleka kwa pikapu yangu."

"Twende sasa hivi."

"Ndugu yangu, nyie Wakurya mna haraka kama zizi limevunjwa. Kesho." Akaninyooshea kidole. "Na nikuase. Yule mama ni mtu wa salamu. Usimkurupukie."

Mke wa Saidi alitupa wali na maharage ya nazi, chakula kitamu, na mimi nikala kama mtu anayetafuna karatasi. Nilimpigia Rhobi simu. Aliniambia mtamba amekula vizuri. Halafu akanyamaza, na katika kule kunyamaza nikasikia ngurumo upande wake.

"Imenyesha?"

"Bado. Inanguruma tu. Rudi, Chacha."

Natta: salamu niliyoiruka

Asubuhi hatujafika mbali tukakuta tembo barabarani, kundi zima, wanavuka kama watu wanaotoka kanisani. Saidi akazima injini. Nikamwambia apige honi. Akanitazama. "Piga wewe, mimi nikiwa nimeshashuka." Tukakaa. Wa mwisho alisimama katikati ya njia akijipulizia vumbi, na mimi nikamtukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua.

Tulimkuta Mama Gati uani anapepeta mtama. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni, kaeni. Watu wa wapi nyie?"

Saidi alikwishavuta kigoda. Mimi nikabaki nimesimama. "Mama, tunakimbizana na mvua. Reki iko wapi?"

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Reki haina miguu, itakungoja." Akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kunyweni kwanza."

"Nitakunywa siku nyingine, mama."

Saidi akakohoa, akapokea kibuyu, akanywa sehemu yake na yangu.

Reki ilikuwa chini ya kibanda. Kutu imeivaa juu mpaka chini, lakini kutu haikunitisha. Nikavuta meno moja baada ya jingine: yananepa, yanarudi. Moyo ukaruka. Nikazungusha magurudumu, moja likayumba kidogo, beringi imechoka ila haijafa. Ekseli imenyooka. Nikapanda kwenye kiti, nikakanyaga kanyagio ili meno yanyanyuke. Kimya. Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote. Hayakusogea. Hasira zote za njiani, za tembo na za ngurumo, zikanipanda kichwani.

"Mama, umetutoa Mugumu kwa ajili ya hiki? Hiki ni chuma chakavu! Mwite mtu wa mizani akipime kwa kilo!"

"Chuma chakavu ni kichwa chako," akasema Mama Gati, bila hata kupandisha sauti. "Saidi, nifungie maksai."

Kumbe reki ile hainyanyui meno ikiwa imesimama. Nguvu ya kunyanyua inatoka kwenye magurudumu yakiwa yanazunguka. Ukikanyaga, yanashika na kuyavuta meno juu. Maksai wakaanza kutembea, mama anakwenda pembeni yangu, mimi nakanyaga kabla ya wakati, nachelewa, nakanyaga tena. Akachoka na ujinga wangu. Akanishika goti kwa mkono wake, akalisukuma chini. "Sasa!" Meno yote yakanyanyuka kwa mpigo, yakaacha tuta zuri la majani makavu, yakashuka. Jamani! Nilipiga kelele kama mtoto. Gurudumu likagonga kisiki, mama akayumba, nikamdaka mkono na kumvuta juu kwenye chuma, tukaenda hivyo, bega kwa bega, anacheka, nacheka, huku nikiwafokea maksai kwa Kikurya.

Kicheko chake kikakatika. "Kumbe wewe ni Mkurya. Wa wapi?"

"Nyamwaga, mama."

"Umeoa wapi?"

"Nyarero. Rhobi, binti wa marehemu..." Sikumaliza. Sikuweza, maana uso wake ulinifunga mdomo. Nilikuwa sijautazama vizuri uso ule tangu nifike. Sasa nikaona ninachokitazama: macho na paji la uso la Rhobi, yamezeeka tu.

Aliruka chini kama ameungua. Akajifunika kanga kichwa kizima, akakimbia nyuma ya ghala. Mimi nimekaa kwenye kiti, mkono niliomshikia nauangalia, sijui niuweke wapi.

Saidi akaja mbio. "Kuna nyuki?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Si jana usiku uliniambia alifariki?"

"Dada yake! Mama mdogo wa Rhobi, aliyehamia huku na mumewe kabla ya simu kufika, wakapotezana. Kwetu wengi walidhani alikwishakufa. Saidi, nimemshika mkono. Nimemwambia reki yake ni chuma chakavu."

"Kwetu mkwe tunamkumbatia," akasema Saidi. Nilimtazama kwa namna iliyomfanya asiendelee.

Ikabidi yeye awe mdomo wetu. Alikwenda nyuma ya ghala, akarudi taratibu kuliko alivyokwenda. "Anasema kuna neno ulitamka, hana hakika kama alisikia vizuri. Anauliza, dada yake hajambo?"

Mtu anayepaswa kumpa habari ile alikuwa mimi, na mimi ndiye nisiyeweza kumkaribia. Laiti ningekaa kwenye kigoda! Ningekaa, angeuliza kwetu, angeuliza kwa mke wangu, yote yangesemwa kwa utaratibu wake, na pengine ningejua pa kuanzia.

"Mwambie mama yake Rhobi alifariki. Mwaka juzi. Mwambie tulimzika vizuri, na mwambie alimtaja mpaka mwisho."

"Mimi?" Saidi akasema. "Ndugu yangu, mimi ni fundi wa kuchomelea."

Hata hivyo alivua kofia yake, akaishika mkononi, akaenda. Nilisikia sauti yake ya chini. Halafu nikasikia kilio, na kilio kile sitakisahau. Niliinamia chuma cha kanyagio nikalia na mimi, peke yangu upande wangu wa ghala. Na katikati ya machozi, Mungu anisamehe, nilitazama mawingu yanayokwenda kaskazini nikafikiria nyasi. Nilijichukia, lakini nilizifikiria.

Majirani zake walikuja, wakakaa naye. Hakuna aliyeniuliza kitu na mimi sikuthubutu kuuliza. Kivuli cha kibanda kilikuwa kimegeuka upande wa pili alipotoka, kanga imeshuka usoni, mkononi ana furushi na kile kibuyu. Akasimama akinipa mgongo, akasema na Saidi kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie huyo mwanangu, reki siuzi."

Moyo ukanianguka.

"Mkwe hauziwi. Naipeleka mwenyewe kwa mtoto wa dada yangu. Na mbuzi wa kuondoa aibu ya leo nitamdai, asidhani kilio kimenisahaulisha. Pakieni."

Njia ya kurudi: mbele mama, nyuma mkwe

Pikapu ina viti viwili vya mbele. Mama Gati alikaa na Saidi, kibuyu mapajani. Mimi nikapanda nyuma, nimejibana kati ya magurudumu ya reki, meno yananitazama. Hiyo ndiyo mnayoiita mbuzi wa mnada. Mugumu watu walinipigia miluzi. Nilifunga macho.

Baada ya daraja la Mara barabara ikaanza kupanda, na mbele yetu nikaiona mvua yenyewe, pazia jeusi upande wa kwetu, sikuweza kujua ni Nyamwaga ama ni jirani yake. Pale kwenye mlima ndipo kamba ilipokatika. Reki ikarudi nyuma ikagonga mlango wa pikapu, mlango ukafunguka, gurudumu moja likatoka nje. Nikaikumbatia. Nikapiga kelele, "Saidi! Saidi!" Saidi amefungulia kaswida redioni, hasikii. Miguu yangu inateleza, reki inanivuta, naona kabisa tunakwenda chini, na uhai wa mtamba wa Rhobi pamoja nasi.

Aliyesikia ni mama. Sijui alimfanya nini Saidi, ila pikapu ilisimama kwa kishindo. Saidi akashuka, akashika upande wake, tukasukuma. Haikupanda. Wawili hatukutosha, na njia ilikuwa tupu. Kisha nikaona miguu ya Mama Gati inakuja, viatu vya raba, taratibu. Akasimama ng'ambo ya reki, macho chini. Mimi nikageuzia uso milimani. Kati yetu palikuwa na yale meno yote.

"Saidi," akasema, "mwambie asukume nikisema sasa."

Saidi alikuwa katikati yetu, jasho linamtiririka. "Mama anasema usukume akisema sasa."

"Nimesikia, Saidi!"

"Sasa!" Reki ikapanda.

Nyamwaga: usigeuke

Mvua ilikuwa ya jirani. Shamba letu lilikuwa bado kavu, ila upepo ulikwishaanza kunyanyua nyasi na kuzitupa uani kwa watu. Rhobi alikuwa katikati ya shamba na uma wa mti, amekusanya tangu asubuhi, na alichokusanya ni kona moja tu. Alituona tunashusha reki. Akanitazama mimi, akatabasamu kwa uchovu. Kisha akamtazama mwanamke mrefu anayeshuka mlango wa mbele.

Uma ulimdondoka. "Mama," akasema.

Hakukosea. Mama mdogo ni mama. Alikimbia, na mimi nikageuka kufunga maksai wangu kwenye nira, maana hapakuwa mahali pangu, na pia nilikuwa sioni vizuri. Nilisikia wanalia. Kisha nikasikia sauti ya Mama Gati, ile iliyonitaka nikae kwenye kigoda.

"Tutalia baadaye, mwanangu. Nyasi kwanza."

Akapanda kwenye kiti cha reki. Mimi nikashika maksai kwa mbele, na Rhobi akanipa maneno ya mama: niongoze, nisigeuke. Nikaongoza. Nyuma yangu meno yanakwaruza mawe na kunepa na kurudi, kila baada ya hatua kadhaa chuma kinalia, tuta limeachwa. Tukafika mwisho wa shamba, tukageuza, tukarudi, radi zinapiga kilima cha jirani, na mimi macho mbele kama askari wa gwaride. Saidi, mtu aliyekodiwa kwa usafiri tu, alivua viatu akawa anabeba nyasi kuingiza bandani pamoja na Rhobi, kofia yake imejaa majani.

Tone la kwanza liliniangukia shingoni tukiwa kwenye mstari wa mwisho. Hatukukimbia, maksai hawakimbii. Tulipomaliza ndipo nikageuka. Mama alikwishashuka na kuingia ndani. Shamba lilikuwa tupu, limefagiliwa.

Jioni ile nilikaa bandani, juu ya nyasi kavu, maana nyumba yangu ilikuwa na mama mkwe ndani. Mvua ilipiga mabati mpaka huwezi kusikia unachowaza. Mtamba alikuwa anatafuna pembeni yangu, hana habari na safari yangu. Ndani ya nyumba walikuwa wanalia, halafu wanacheka, halafu wanalia.

Rhobi akaja mbio amejifunika gunia, ana ugali na kile kibuyu. Macho yamevimba. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu msiba.

"Mama anauliza," akasema, anajizuia kucheka, "chuma chakavu kimefanya kazi?"

Nikakuna kichwa. "Mwambie chuma chakavu ni kichwa changu."

Alikimbia kuvuka ua. Mlango ukafungwa, kisha kikaja kicheko kikubwa kupita mvua. Nilikijua kile kicheko. Kwa miaka yote nilikuwa nakisikia nikiwa zizini, marehemu dada yake alipokuja kututembelea.

Nikafungua kibuyu, nikanywa yale maziwa niliyoyakataa Natta, nikayamaliza.